Miss Timpson wa Namirembe: Kuufuata Ukoo wa Mwanamke wa Kiingereza Kampala

Katharine Timpson alizaliwa Uingereza mwaka 1863, akafa mwaka 1938, akazikwa kwenye kilima cha Namirembe, Kampala. Katika maisha hayo aliitwa kwa majina matatu. Aliingia Buganda akiwa Miss Timpson, mwaka 1900 akawa Mrs. Cook, na tangu mwaka 1932, mumewe Albert Cook alipopewa cheo cha Sir, akawa Lady Cook. Kila jina lina nyaraka zake. Anayetafuta asili yake kwa jina la mwisho tu atakutana na habari za mume: daktari mashuhuri, mwanzilishi wa Hospitali ya Mengo, mtu aliyepewa heshima na Mfalme wa Uingereza. Mke ataonekana pembeni, amesimama nyuma ya kiti kwenye picha.

Jambo hili linawagusa watu wa Kampala kwa namna ya pekee, kwa kuwa Katharine aliishi miaka arobaini katikati ya watu wenye desturi nyingine kabisa. Binti wa Kiganda huzaliwa ndani ya ukoo wa baba yake, hupewa jina la ukoo huo, na hubaki nalo hata akiolewa mara tatu. Mwiko wa ukoo wake haubadiliki. Akitakiwa ajieleze mbele ya wakubwa, hutaja baba, babu, baba wa babu, na kadhalika mpaka afike kwa mwanzilishi wa ukoo. Sir Apolo Kagwa, Katikiro (waziri mkuu) wa Buganda tangu 1889 hadi 1926, aliandika kitabu kizima juu ya koo hizo, na bado watu hukitumia. Kwa hiyo mwanamke wa Kiganda wa miaka ya 1890 aliyejifungulia hospitalini Mengo huenda leo ni rahisi kumfuatilia hadi kwa babu wa babu yake kuliko muuguzi Mzungu aliyempokea mlangoni.

Njia ya kumfuata mwanamke kama Katharine ni moja: kuanzia kaburini na kurudi nyuma. Waliozoea kazi ya kutafuta nasaba husisitiza hivyo, nami naona wana haki. Kifo cha mwaka 1938 kina kaburi, na kaburi la Katharine limo katika makaburi ya Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo kilimani Namirembe, mahali walipozikwa pia Askofu James Hannington, aliyeuawa Busoga mwaka 1885, na George Pilkington, mfasiri wa Biblia ya Kiganda. Albert alimfuata mwaka 1951, naye akazikwa hapo hapo. Kutoka kaburini unarudi mwaka 1932, unapata cheo. Kutoka kwenye cheo unarudi 1900, unapata ndoa. Hapo ndipo jina la Timpson linapofunguka, na hapo ndipo watafutaji wengi wenye haraka hukomea.

Ndoa za Waanglikana zina daftari lake, na daftari hilo lilikuwa na umbo moja London na Namirembe. Tangu mwaka 1837, serikali ya Uingereza ilipoanza kusajili vizazi, ndoa na vifo, kila ndoa ya kanisani iliandikwa kwenye safu zilezile: tarehe, jina, umri, kama mtu ni mseja au mjane, kazi, mahali anapoishi, jina la baba, kazi ya baba. Chini yake maarusi na mashahidi hutia saini, au alama ya msalaba kama hawajui kuandika. Wamisionari walileta mpangilio huo Buganda. Daftari za ndoa za Namirembe zimeanza miaka ya 1890, na wanahistoria wa uchumi wamezisoma ukurasa kwa ukurasa ili kuona jinsi watoto wa wakulima wa Kampala walivyogeuka kuwa makarani, walimu na wauguzi. Mtoto wa mtu aliyeandikwa mkulima anaandikwa karani; mjukuu wake anaandikwa daktari. Hii ni hazina kubwa, na familia nyingi za Kampala zenye haki nayo hazijawahi kuifungua.

Ila angalia safu hizo tena. Baba yupo, na kazi yake ipo. Mama hayupo. Uingereza na Wales ziliendelea kuwaacha akina mama nje ya daftari la ndoa mpaka Mei 2021, yaani kwa miaka karibu 184. Mwanamke wa karne ya 19 aliolewa mbele ya padri na mashahidi bila mama yake kutajwa popote kwenye ukurasa ule. Ukitaka kumpata mama lazima uhame kutoka daftari la ndoa uende kwenye cheti cha kuzaliwa, kwa kuwa hicho ndicho kilichoandika mama aliitwaje kabla ya kuolewa. Kwa mtu aliyezaliwa 1863 cheti kipo, kwani usajili ulikuwa umeshatimiza miaka 26. Kisha zinafuata sensa. Uingereza ilihesabu watu kila baada ya miaka kumi, na tangu 1841 majina ya wote waliolala nyumbani usiku ule yaliandikwa. Mtoto wa 1863 hutafutwa katika sensa ya 1871 akiwa na miaka saba au minane kwa wazazi wake, katika ya 1881 akiwa kijana, na katika ya 1891 pengine akiwa hayupo tena nyumbani, amehesabiwa mahali pa kazi. Sensa hizo hufungwa miaka mia moja kabla ya kuonyeshwa umma. Ya 1921 ilifunguliwa Januari 2022. Sensa ya 1931 ya Uingereza na Wales haitafunguliwa kamwe, kwa sababu iliteketea kwa moto mwaka 1942.

Mahali pa kazi, kwa Katharine, palikuwa Guy's Hospital ya London, hospitali kongwe iliyoanzishwa kwa mali ya mfanyabiashara Thomas Guy mwaka 1721. Muuguzi wa Guy's wakati huo alikuwa mwanamke mwenye ujuzi uliopimwa na kuandikwa. Zamani kidogo uuguzi Uingereza ulihesabiwa kazi ya wanawake maskini wasio na pa kwenda. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 ukageuka kuwa kazi ya kusomewa, na wasichana wa familia za kati wakaanza kuingia. Kazi hiyo ilimpa mwanamke asiyeolewa mshahara wake, chumba chake, na heshima isiyotegemea mume. Katharine alipokubaliwa na Church Missionary Society, ile jumuiya ya Kianglikana iitwayo CMS, alikuwa amevuka umri wa miaka thelathini na mikono yake ilijua kazi.

CMS ilikuwa imeanza kupokea wanawake waseja kwa wingi mwaka 1887, baada ya kusitasita kwa miaka mingi. Uganda ilikawia zaidi. Askofu Alfred Tucker aliongoza kundi la kwanza la wanawake wa Kizungu kutoka pwani, wakaingia Mengo Oktoba 1895: Edith Furley, Mary Thomsett, Jane Chadwick, na mabinti Browne na Pilgrim. Baganda walijaa barabarani kuwatazama. Kabla ya hapo walikuwa wamemwona Mzungu mwanamume kwa muda wa zaidi ya miaka thelathini, tangu Speke afike kwa Kabaka Mutesa mwaka 1862, lakini mwanamke wao hawakuwa wamemwona. Mwaka uliofuata, Oktoba 1896, kundi lililokuwa na Katharine na daktari kijana Albert Cook liliondoka Mombasa.

Reli ya Uganda ilikuwa imeanza kujengwa mwaka huo huo, nayo haikuwa imefika mbali na pwani. Ilifika Nairobi mwaka 1899 na ziwani, pale panapoitwa Kisumu leo, Desemba 1901. Kwa hiyo watu hawa walitembea, na baadhi yao wakapanda punda, kwa msafara wa aina ile iliyojulikana bara na pwani kwa miaka mingi: mnyapara mbele, wapagazi kwa mstari mmoja, mizigo ya kilo kama thelathini kila mmoja kichwani au begani, posho ikigawiwa jioni, mahema yakifungwa alfajiri. Lugha ya njia ilikuwa Kiswahili. Kila sanduku la dawa na vyombo vya upasuaji vilivyoanzisha Hospitali ya Mengo lilifika likiwa juu ya mtu. Wapagazi hao wengi walikuwa watu wa pwani na Wanyamwezi, na historia za hospitali zinazomtaja kila daktari kwa jina kamili zimewaacha wao bila hata jina moja. Naitaja dhuluma hii kwa makusudi, kwa sababu ni ya aina ileile inayomfanya mwanamke atoweke ndani ya jina la mumewe, na kwa wapagazi ilikuwa kubwa zaidi.

Walifika Mengo Februari 1897. Nchi haikuwa shwari. Julai ya mwaka ule Kabaka Mwanga alitoroka Mengo, akaenda Buddu kuanzisha vita dhidi ya Waingereza. Agosti akavuliwa ufalme, na mwanawe Daudi Chwa, mtoto mchanga wa mwaka mmoja, akawekwa badala yake. Miezi michache baadaye askari wa Kinubi waliokuwa chini ya Waingereza wakaasi, wakajifungia katika ngome ya Luba, Busoga. Cook akaenda kutibu majeruhi. Pilkington akauawa huko mwezi Desemba. Hospitali iliyokuwa imezinduliwa miezi michache kabla ilikuwa ya matete na nyasi, na muuguzi aliyezoea vyumba vya matofali vya London sasa alisafisha vidonda chini ya paa ambalo cheche moja ingelimaliza.

Na moto ulikuja kweli, ingawa ulitokana na radi. Mwaka 1902 radi ilipiga hospitali kubwa zaidi iliyokuwa imejengwa baada ya ile ya kwanza, nayo ikaungua. Mwaka 1904 ilifunguliwa nyingine, ya matofali. Kati ya ndoa ya 1900 na jengo hilo ndipo Albert na ndugu yake Jack Cook, daktari aliyejiunga naye Mengo, walipotambua mwaka 1901 wagonjwa wa malale. Malale hayo yaliua zaidi ya watu 200,000 kandokando ya ziwa na visiwani ndani ya miaka michache. Kumbukumbu za wagonjwa wa Mengo za miaka hiyo zilihifadhiwa, zikajalidiwa, na leo ziko katika maktaba ya chuo cha tiba cha Makerere yenye jina la Albert Cook. Barua na shajara nyingine za familia ziko London, katika maktaba ya Wellcome.

Hapa mtafutaji wa ukoo wa Katharine hupata jaribu. Ukoo wa mume una utajiri wa nyaraka: Albert alizaliwa Hampstead mwaka 1870, mwana wa daktari, na upande wa mama alitokana na ukoo wa Bickersteth, ule uliomtoa Edward Bickersteth, katibu wa CMS aliyetumwa Sierra Leone mwaka 1816. Ni rahisi mno kuandika kurasa kumi juu ya akina Bickersteth na kudhani umeandika nasaba ya Lady Cook. Hujaandika. Umeandika nasaba ya wakwe zake.

Jambo lile lile limewapata wanawake wenzake wa Uganda. Ruth Hurditt alifika mwaka 1900, akafanya kazi Toro, akaolewa na mmisionari Arthur Fisher. Kitabu chake cha kwanza, cha mwaka 1905, kilitoka kwa jina la Ruth Fisher. Cha pili, cha mwaka 1911, ambacho hutumiwa hadi leo na wasomi wa simulizi za Bunyoro, kilitoka kwa jina la Mrs. A. B. Fisher. Herufi hizo mbili ni za mume. Msomaji anayetafuta Ruth katika orodha ya maktaba anaweza kukipita kitabu cha Ruth mwenyewe.

Kwa Katharine, basi, ushauri wangu ni kutafuta Timpson kwanza: Timpson katika vyeti na sensa, Timpson katika kumbukumbu za wauguzi wa Guy's, Timpson katika nyaraka za CMS zilizoko Chuo Kikuu cha Birmingham, Timpson katika jarida la Mengo Notes, ambalo wamisionari walianza kulichapa mwaka 1900. Baada ya hapo ndipo uje kwa Mrs. Cook.

Na Mrs. Cook alifanya nini? Alikuwa metroni wa Mengo tangu mwanzo hadi mwaka 1911. Kazi iliyobaki na alama yake, hata hivyo, ilikuja baada ya Vita Kuu ya Kwanza, alipokuwa amepita miaka hamsini na mitano: shule ya wakunga ya Namirembe, iliyopewa jina la Lady Coryndon, mke wa Gavana Robert Coryndon. Wasichana wa Kiafrika walifundishwa ukunga, wakapimwa, wakapewa vyeti, kisha wakatawanywa kwenye vituo vya uzazi vijijini. Katharine akawa msimamizi mkuu wa wakunga na mkaguzi wa vituo hivyo. Yeye na mumewe walitunga kitabu cha ukunga kwa Kiganda, Amagezi Agokuzalisa, ili msichana asihitaji Kiingereza kwanza ndipo ajue kumpokea mtoto aliyetanguliza miguu. Mwaka 1931 akaanzisha shule ya wauguzi.

Sifa hizo haziondoi upande wa pili. Shule ya wakunga ilizaliwa ndani ya kampeni kubwa dhidi ya kaswende. Wamisionari na maofisa waliamini kwamba kaswende ilikuwa inaimaliza Buganda, na Hospitali ya Mulago ya Kampala yenyewe ilianza mwaka 1913 kama hospitali ya magonjwa ya zinaa. Katika kampeni hiyo maadili ya mwanamke wa Kiganda yalisemwa vibaya hadharani na kwa maandishi, na familia ya Cook ilikuwa mstari wa mbele katika kusema. Wanahistoria wa tiba wameonyesha tangu hapo kwamba wagonjwa wengi waliohesabiwa kuwa na kaswende yaelekea walikuwa na buba, ugonjwa wa ngozi na mifupa usiohusiana na zinaa kabisa, ambao vidonda vyake hufanana na vya kaswende. Maelfu ya wanawake walisingiziwa. Mtu akiandika habari za Katharine bila kuliandika hili, anampamba tu.

Wakati huohuo wanawake waliotoka shuleni kwake walifanya jambo ambalo halikuwamo katika mpango wa kampeni. Walikuwa wasichana waseja wenye cheti, mshahara wa mwezi na nyumba ya kazi, wakiishi mbali na kwao na kuheshimiwa na wakubwa wa vijiji. Historia ya wanawake wa Uganda wenye taaluma inaanzia kwa walimu na kwa wakunga hawa. Katika daftari za ndoa za Namirembe, bibi arusi akiandikwa kazi yoyote ya mshahara katika miongo ile, mara nyingi ni moja ya hizo mbili. Mama yake msichana huyo safu hazimtaji, kama zisivyomtaja mama yake Katharine. Lakini kazi yake mwenyewe imeandikwa, kwa wino, pembeni ya jina alilozaliwa nalo.

Ndiyo maana ninaona kwamba ukoo wa Katharine Timpson hauwezi kufuatwa Uingereza peke yake. Vyeti vya London vitakupa wazazi na mahali pa kuzaliwa. Watu walioshika kazi yake wako Uganda: mkunga wa kwanza wa kituo, mwanafunzi wa mkunga yule, binti aliyeona mama yake akiondoka usiku na taa ya mafuta, naye akaenda kusomea uuguzi. Mnyororo huo umeandikwa vibaya kuliko nasaba ya familia yoyote ya kimisionari. Barua za akina Cook zimetunzwa katika mabara mawili. Vyeti vya wakunga wa kwanza viko kwenye masanduku ya bati, ndani ya Biblia za familia, katika nyumba za Mukono, Masaka, Mityana na Kampala yenyewe, na kila mwaka baadhi yake huliwa na mchwa au hutupwa wazee wanapozikwa.

Basi, msomaji, kama nyanya yako au mama yake alisomea ukunga Namirembe, kitafute cheti hicho wiki hii. Kipige picha pande zote mbili. Andika kando jina la mwenyewe alilopewa na ukoo wake, jina la mama yake, kituo alichopangiwa na miaka aliyokaa hapo. Ukimaliza, nakala moja ipeleke katika Maktaba ya Albert Cook, Makerere, na nyingine iache kanisani kwenu pamoja na daftari la ndoa yake.